Matobo Kwenye Sahani za Miwani

Jumatatu, 7 Oktoba

Matobo. Saa mbili asubuhi, hata mkoba hajauweka chini, Miwani – ndivyo ninavyomwita huyu dada mpya wa maabara – kaja na sahani zake nne za kuoteshea bakteria kaziinua dirishani nizione. Bakteria wameota vizuri, utando mweupe umeenea sahani nzima, na katikati ya utando – matobo. Ya mviringo, safi, kama mtu kapita na msumari. Kwenye sahani moja amehesabu hamsini na mawili.

"Mzee, umewahi kuona kitu kama hiki?"

Hamsini na mbili ndiyo umri wangu. Sidhani kama alikusudia, lakini nimeliweka moyoni. Hilo "mzee" nalo nimeliweka.

Nikamwambia ni uchafu, anawe mikono. Ana miezi miwili tu hapa. Kaletwa kutafuta bakteria wapya wa mizizi ya maharage, kana kwamba Mama, bakteria wetu wa siku zote, kazeeka. Mama amelisha maharage ya wakulima tangu Miwani akiwa anatambaa! Pakiti zote zinazotoka kwenye jengo hili, zile za kuchanganya na mbegu, ndani yake ni watoto wa Mama. Na Mama mwenyewe yuko kwenye friza, rafu ya tatu, kichupa chenye kifuniko chekundu. Marehemu shangazi ndiye aliyemtoa udongoni kwa mikono yake, akanirithisha.

Nikakagua sahani zangu. Safi. Si hata tobo moja.

Kabla ya kutoka kaniuliza, eti kwa upole: "Ile chupa ya maji ya kuzimulia, tunatumia moja wote?" Tunatumia moja, ndiyo. Tangu enzi. Kwa nini anauliza chupa?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepiga alama ya penseli kwenye chupa ya maji, usawa wa maji yalipoishia. Nyingine kwenye kichupa cha Mama, pembeni ya kifuniko, ndogo, haioni mtu. Kifuniko kikizungushwa hata kidogo, nitajua.

Leo Miwani kaingia na salamu yetu ya asubuhi, "Mama hajambo?" Nikajibu "Hajambo," kama tunavyojibu siku zote. Lakini aliiuliza polepole mno. Kama mtu anayetaka jibu kweli.

Alhamisi, 10 Oktoba

Alama imehama.

Sikupiga kelele. Nilisubiri mpaka mfagizi atoke, nikamwuliza Miwani kama kuna mtu kamgusa Mama. Nilidhani atakana. Hakukana. Kasema amechukua tone moja jana, samahani, alinitafuta nilikuwa nimeenda kula. Hivi mtu anachukua tone la Mama bila ruhusa, halafu anasema samahani kama aliyenikanyaga kiatu?

Nikataka kujua alitaka la nini. Akavuta kiti. Hapo ndipo aliponimwagia darasa lake, na nalinakili hapa ili siku likihitajika lisigeuzwe.

Anasema matobo ni kazi ya virusi. Si vya watu, vya bakteria. Kuna kirusi kikali: kinamwingia bakteria, kinazaliana ndani yake, kinampasua, vinatoka mia vinavyowaingia majirani. Tobo ni kaburi lao. Haya, hilo nalijua. Lakini kuna kingine kipole, anasema. Kinaingia, badala ya kuua kinachomeka jeni zake katikati ya jeni za bakteria, kinalala humo. Bakteria akigawanyika, jeni za kirusi zinanakiliwa pamoja na zake. Watoto wanazaliwa nacho, wajukuu wanazaliwa nacho. Udongoni wamejaa wa namna hiyo. Hawaugui. Mara moja moja, mmoja kati ya maelfu akipata shida – jua kali, ukame, dawa – kirusi kinaamka, kinatoka.

"Na kikitoka kinaenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwa yule ambaye hanacho, Mzee. Mwenye nacho hakimdhuru tena. Aliyelala ndani anawafungia mlango wenzake."

Nikamwambia mbona basi sahani zangu ni safi, Mama mzima, na zako ndizo zinazotoboka? Nilidhani nimemkamata.

Akavua miwani akaifuta. "Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi."

Angalieni mtu huyu! Afya ya Mama imekuwa ushahidi dhidi ya Mama. Ukiumwa una hatia, usipoumwa una hatia zaidi. Anataka Mama atupwe, awekwe wa kwake. Sasa naona mchezo wote.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwandikia Mkurugenzi barua. Ukurasa mmoja. Uzembe mezani, kugusa mbegu mama bila ruhusa, na kuzua hadithi kuficha uzembe. Sikutia chumvi. Neno "hujuma" niliandika nikalifuta. Halafu nikalirudisha.

Jumapili, 13 Oktoba

Nyumbani. Mke wangu ana gauni la bibi harusi la kumalizia, cherehani inaunguruma tangu asubuhi. Nikamsimulia yote. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakunikatiza, nikadhani tumeelewana.

Alipozitoa pini: "Inspekta, sasa huyo dada kosa lake ni nini?"

Inspekta ndilo jina langu hapa ndani, tangu mkasi wake ulipopotea nikamshuku jirani wiki nzima, ukakutwa kwenye koti langu. Hasahau, na hataki nisahau.

Nikamweleza tena, ile hadithi ya kirusi kuchomeka jeni. Nilitaka acheke. Hakucheka. Kasema mbona ni jambo la kawaida, uzi mbovu ukishashonewa ndani ya mshono huwezi kuuona kwa macho. Nguo inapendeza, unaivaa miaka. Mpaka siku uivute.

Hata yeye. Wameonana lini na Miwani?

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkurugenzi katuita wote wawili. Barua yangu mezani kwake, kaipigia mistari kwa wino wa kijani. Amesema wazi: Miwani yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, yanaisha Ijumaa ya tarehe 25. Ikithibitika ni uzembe, hataajiriwa, na barua ya sababu itaandikwa. Na kila mtu anajua barua ya namna hiyo inakufuata maabara zote. Ikithibitika uchafu umetoka kwa Mama, Mama na vizazi vyake vyote vitaingia sufuria ya mvuke ya kuulia vijidudu siku hiyo hiyo. Tuanze upya kutoka udongoni.



Miwani hakubishana. Kaomba jambo moja tu: sahani zirudiwe na mtu mwingine, siyo yeye. Mkurugenzi akacheka, mtu mwingine yupi, maabara ina watu wawili na mfagizi.  Halafu Miwani akasema: "Basi arudie Mzee. Mimi sina shida."

Nikamtazama usoni kutafuta mtego. Mtu niliyemwandikia barua ya kumfukuzisha kazi ananipa nimpime. Hakuna anayemwamini mtu kiasi hicho bure. Ana kitu.

Nimepewa fomu. Ina mstari mmoja tu wa maana: Chanzo cha uchafuzi. Ijumaa ya tarehe 25, saa nne.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimefanya kila kitu peke yangu, mlango nimefunga kwa ufunguo. Maji mapya, chupa mpya kwa kila seti, nimechemsha mwenyewe. Seti tatu. Ya kwanza: bakteria wa Miwani peke yao. Ya pili: Mama peke yake. Ya tatu: kama kawaida yetu ya kila siku, Mama kwanza, kisha wa Miwani, kwa chupa ile ile ya maji.

Maana hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii. "MAMA KWANZA, WAGENI BAADAYE." Shangazi aliiandika kwa mkono wake, iko ukutani juu ya sinki, karatasi imekuwa njano. Kila kazi huanza na Mama, awe kipimo cha wengine. Wageni, yaani bakteria wengine wote, huja nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ni kama kuvua viatu mlangoni.

Kichekesho: kwenye seti ya kwanza, ile ya wageni peke yao, mkono wangu ulishamfungua Mama kabla sijakumbuka. Nusura nitie. Mkono una miaka ishirini na sita hapa, hausikilizi fomu.

Kila sahani nimeizungushia selotepu na kuweka sahihi yangu juu ya kiungio. Atakayefungua ataipasua sahihi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Seti ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu – Mama safi, wa Miwani matobo.

Nimekaa chini.

Kisha nikasimama nikakagua selotepu. Nzima zote. Sahihi nzima. Nikamwendea mlinzi getini, nani kaingia Alhamisi na jana jioni? Daftari lake halina mtu ila mimi. Nikamwuliza kama ana uhakika. Kaniangalia kama naumwa.

Wa Miwani wakiwa peke yao, wazima. Wakipita maji aliyopita Mama, wanatoboka.

Labda maji. Ndiyo, labda ni maji tu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimerudia, kwa njia nyingine, ile ambayo sikutaka.

Nilimkuza Mama kwenye mchuzi wake, nikaugawa mara mbili. Nusu nikaichuja kwenye chujio lenye vitundu ambavyo bakteria hapiti. Kinachopita ni maji, na kama kuna kirusi, kirusi. Nusu ya pili nikaiweka kwanza chini ya taa ya zambarau, ile tunayowasha kuulia vijidudu mezani. Sekunde chache tu, si za kuua. Za kumtia shida. Nikasubiri saa tatu, nikachuja. Halafu tone la kila mchujo juu ya utando wa bakteria wa Miwani, na tone juu ya utando wa Mama mwenyewe.

Sikumwomba Miwani anielekeze. Nilikumbuka kila neno alilosema Alhamisi ile. Ajabu, kwa mtu niliyedhani nilikuwa namsikiliza ili nimkamate.

Asubuhi aliniuliza, "Mama hajambo?" Sikuitika. Nilijifanya napiga chafya.

Jumatano, 23 Oktoba

Tone la Mama aliyechujwa tu: matobo saba.

Tone la Mama aliyepigwa taa: hakuna hata cha kuhesabu. Palipoanguka tone, utando wote umekwisha, unaona meza upande wa pili.

Tone lile lile juu ya Mama: hakuna kitu. Mzima. Mweupe. Anapendeza.

Kwa hiyo kirusi kimo ndani yake. Kimechomekwa humo, kinagawanywa naye, kila pakiti, kila mtoto wake, miaka yote hii. Yeye hadhuriki. Na kila mgeni aliyewekwa nyuma yake kwenye meza hii amekunywa maji yake. Na nani alikuwa anashika chupa? Mimi. Kwa sheria. Kwa heshima.

Nilivyojitapa na sahani zangu safi!

Nililia kidogo kwenye chumba cha stoo, nyuma ya maboksi ya glavu. Sioni haya kuandika. Mtu wa hamsini na mbili analilia kichupa.

Mke wangu kaniona usoni, hakuniita Inspekta jioni hii. Hilo limenitisha zaidi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeshusha madaftari ya shangazi kutoka juu ya kabati. Sikuwa nimeyafungua tangu tulipomzika. Nilijiambia natafuta siku aliyomtoa Mama udongoni, niandike ripoti vizuri. Uongo. Nilikuwa natafuta matobo.

Nimeyapata. Mwandiko wake ule wa kulala kushoto: "Matobo kwa wageni. Mama mzima. Nimetupa wageni." Kurasa nne mbele: "Matobo tena kwa wageni. Mama hajambo." Nimesoma hilo mara mbili. Salamu yetu ya kila asubuhi, kumbe imeanzia hapo.

Mwezi uliofuata, mistari mitatu tu. Naiandika kama ilivyo.

"Matobo mara ya tatu. Msaidizi anasema tumchunguze Mama. Nimemwambia Mkurugenzi kijana ni mzembe, ameondolewa leo. Nafasi yake ataingia mtoto wa kaka."

Mtoto wa kaka ni mimi.

Nimekaa na daftari mapajani mpaka chai ikapoa. Namkumbuka yule msaidizi! Sikumfahamu, lakini siku yangu ya kwanza koti lake jeupe bado lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kalamu mfukoni. Nililivaa, lilinitosha. Shangazi kasema mwenyewe kaacha, kazi ilimshinda. Nikamcheka, mtu anashindwa na sahani? Miaka ishirini na sita nimekuwa nikimsimulia kila mgeni habari za mzembe aliyeshindwa na sahani. Miwani pia nimemsimulia, wiki yake ya kwanza.

Shangazi, ulijua? Au nawe uliona sahani zako safi ukadhani basi? Nimeshuku watu wengi maishani, mpaka jirani kwa mkasi. Wewe sikuwahi hata siku moja. Sasa nageuza kila kumbukumbu naitazama kwa nyuma. Ulivyonifundisha kumwaga, ulivyonishika kiwiko. "Mama kwanza, mwanangu." Ilikuwa heshima au ulikuwa unaficha? Sijui. Haupo wa kuulizwa, na nimekukasirikia, na nimekukumbuka, vyote kwa pamoja.

Mke wangu kasoma mistari mitatu ile, nilimpa mwenyewe.  Kisha kaniuliza tu kesho nitavaa shati gani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Saa tatu na dakika arobaini. Niko kwenye benchi la korido, mlango wa Mkurugenzi uko mbele yangu. Naandika juu ya goti. Kwenye mfuko nina sahani tatu nimezifunga kwa taulo, na daftari la shangazi. Mkononi fomu.

Nimeijaza tayari. Chanzo cha uchafuzi: Maji ya kuzimulia.

Siyo uongo. Maji ndiyo yaliyobeba. Mtu akisoma hivyo atasema haya, badilisheni chupa, kila mtu awe na yake, yaishe. Miwani anabaki kazini. Mama anabaki kwenye friza. Shangazi analala salama. Hakuna aliyeumia. Nimelipima neno hilo tangu alfajiri, halina kasoro, ni safi kabisa.

Kama sahani zangu zilivyokuwa.

Na mgeni atakayekuja baada ya Miwani? Na chupa yake mpya, siku atakaposahau? Atakuwepo mtu wa kumwandikia barua.

Saa tatu na hamsini. Miwani kafika. Kavaa vizuri, kashika bahasha – vyeti vyake, nadhani, tayari kwa kwenda kuomba kwingine. Kaketi pembeni yangu. Shikamoo, Mzee. Marahaba. Hakuangalia fomu. Kaangalia mfuko, kaona taulo, kaona umbo la sahani. Anajua. Au hajui. Kwa mara ya kwanza sitaki kumpekua uso.

Baadaye kidogo, kwa mazoea tu: "Mama hajambo?"

"Hajambo," nikajibu. Limetoka lenyewe.

Kaitikia kwa kichwa, kakaza macho ukutani. 

Sekretari kafungua mlango. Anataka fomu kwanza, watu baadaye. Nimemwambia ngoja, bado naandika. Anasema Mkurugenzi hana muda, na fomu si imejaa, anaiona kutoka pale. Nimemwambia hapana, haijajaa. Kasimama juu yangu kanyosha mkono. Mstari bado una nafasi, baada ya neno kuzimulia, ya kama maneno matatu, na kalamu iko juu ya